Aliyemsimamisha Bibi Tupokigwe

Sogeeni. Hadithi hii ni mzigo wa kutuliwa na wengi. Mwenye haraka ya jibu aende zake mapema, maana jibu halimo ndani yake. Kama lipo, mmekuja nalo nyinyi.

Palikuwa na vijana watatu waliosomea fiziotherapia, yaani ile tiba ya viungo inayomfundisha aliyeanguka kusimama na aliyepooza kushika kijiko. Kila mmoja alikuja chuoni na kipawa ambacho hakukipata darasani.

Wa kwanza ni Siwatu, binti wa Pangani, na kipawa chake kilikuwa masikio. Alikulia kando ya cherehani ya shangazi yake, ambako wateja walikuja kupimwa nguo wakaishia kusimulia maisha yao. Huko alijifunza kwamba mtu hatoi la kweli mwanzoni. Huanza na la kupitisha wakati, likafuata la kujisifu, na la kweli hulitoa anapoaga, mkono ukiwa tayari mlangoni. Siwatu alijua kungoja mpaka mlangoni.

Wa pili ni Aikande wa Machame, na kipawa chake kilikuwa macho. Utoto wake ulipita mbele ya ungo akichambua kahawa na mama yake, na punje mbovu ilikuwa kama inamwita kwa jina. Ila mdomo wake ulikuwa mzito. Alitaka kuwa na hakika kabla ya kusema, akaipima kauli moyoni, akaipima tena, na alipokuwa tayari kuitoa wenzake walikwisha kuhamia jambo jingine.

Wa tatu ni Bwire wa Musoma, na kipawa chake kilikuwa mikono. Kabla ya chuo alikuwa kinyozi. Kichwa kikiingia mikononi mwake shingo ililegea yenyewe. Hata watoto waliomlilia kila kinyozi wa mtaa walisinzia kwake. Hasara yake ilikuwa haraka. Mikono ilitaka kazi kabla kichwa hakijaamua ni kazi gani.

Chuo chao kilikuwa nyanda za juu kusini, ambako mvua haibishi hodi, na kilikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Hawakuanza na somo wakamalizia na mgonjwa. Walianza na mgonjwa. Wanafunzi wachache waliketi naye duara, wakagawa ubao safu mbili, TUNAYOJUA na TUSIYOJUA. Wasiyoyajua waligawana, wakaenda kuyatafuta vitabuni, wodini na majumbani kwa wagonjwa, kisha wakarudi kufundishana. Mwalimu aliketi nao, lakini alikuwa na mwiko mmoja: kutoa jibu. Ruhusa yake ilikuwa kuuliza tu.

Mwalimu wa hao watatu aliitwa Mhando. Na mgonjwa wao alikuwa Bibi Tupokigwe.

Bibi Tupokigwe alikuwa mjane mwenye migomba yake, ng'ombe wake mmoja, na ulimi usiokaa alani. Tangu masika alikuwa akianguka. Madaktari wa hospitali ya jirani walimpima moyo, damu na mifupa, hawakuona la kutibu, wakamwelekeza kwenye tiba ya viungo. Naye mwanawe, Anyosisye, fundi wa majokofu Dar es Salaam, alikuwa amempigia simu.

"Mama, ukianguka tena nakuja kukuchukua. Nyumba tutaifunga."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Bibi, kwa sababu hasira angeweza kubishana nayo. Mumewe alikuwa amezikwa pale pale, nyuma ya migomba, na kila asubuhi alipopita na ndoo ya maziwa alimsalimu. Huko Dar angekaa ghorofa ya nne, akimsalimu nani? Hivyo alipoketi katika duara la wale vijana alikuwa na shida moja tu duniani: aache kuanguka, au aiache nyumba yake.

Duara lenyewe lilimshangaza. Vijana waliuliza, wakabishana, wakaandika. Mwalimu alikunja mikono kama mtu aliyefika msibani asimfahamu marehemu.

"Mjukuu wangu," Bibi alimnong'oneza Siwatu, "huyu mwalimu wenu ni bubu?"

"Si bubu, Bibi. Anatufundisha."

"Kwa kunyamaza?"

"Ndiyo."

"Basi hata ng'ombe wangu ni mwalimu."

Bwire alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Mwalimu Mhando naye alitabasamu, lakini hakusema.

"Haya Bibi, huwa unaangukaje?" Bwire aliuliza.

"Miguu inanikataa."

Alisema uongo. Ukweli ni kwamba dunia ilikuwa ikimzunguka. Lakini huko kijijini kwake mjane akisema dunia inazunguka, watu huulizana kwa macho kama ameanza pombe, na mwana akisikia hangoji Mama aanguke tena. Miguu haina aibu. Kila mzee ana miguu. Basi akaisingizia miguu.

Siwatu akaandika chini ya TUNAYOJUA: Miguu dhaifu. Bwire akamlaza Bibi kitandani, akaipima miguu, na kwa kuwa miguu ya umri ule haikosi udhaifu, akaupata alioutafuta. Akamfundisha kuinuka kitini bila kushika kitu, na kutembea na fimbo. Aikande peke yake aliona kwamba Bibi alipolazwa, vidole vyake viling'ang'ania ukingo wa godoro kana kwamba kitanda kinaondoka naye. Alifungua mdomo. Hakuwa na hakika. Akaufunga.

Fimbo ilikuwa ya marehemu mumewe, ya mti mwekundu, na kichwa chake kilichongwa umbo la jani la mgomba lililojikunja. Marehemu hakuinunua. Alipewa na mtu aliyevunjika mguu mtoni, ambaye yeye alimbeba mgongoni, akamtunza nyumbani mpaka akasimama tena. Mtu yule naye alikuwa amepewa na mwingine. Fimbo ile ilikuwa na sharti lake: haiuzwi, haigawanywi. Ukipona usiihitaji tena, unampa yule aliyekusimamisha.

Kazi ilipokwisha, Bwire akachukua kifutio.

"Safu ya TUSIYOJUA iacheni," akasema Mwalimu Mhando. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kuisikia sauti yake.

"Mwalimu, mbona haina kitu?"

"Ndiyo maana nasema iacheni."

Wakaiacha, tupu vile vile, wakaenda kula.

Wiki haikuisha, Bibi akaanguka tena. Alianguka jikoni, fimbo ikiwa mkononi, akagonga shavu kwenye jiwe la kusagia. Jirani alisikia kishindo, na kabla uvimbe haujapanda vizuri Anyosisye alikuwa amekwisha pata habari. Akasema Jumamosi anakuja na gari.

Bibi akarudi chuoni na shavu lake. Vijana walipomwona wakamsogezea kiti.

"Shikamoo, Bibi," akasema Siwatu.

"Marahaba. Nimekuja kuwaaga. Mazoezi yenu mazuri, miguu imepata nguvu. Nimeanguka kwa nguvu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mhando akaangalia ubao, akauliza taratibu: "Bibi alikuwa na fimbo, na miguu imepata nguvu, na ameanguka. Sasa tunajua nini?"

Bwire akainuka. Hakutafuta kifutio; alifuta Miguu dhaifu kwa kiganja, chaki ikabaki mkononi mwake. Kwenye ile safu tupu akaandika: Anaanguka akiwa anafanya nini?

"Bibi," akasema, "tungeomba kuja nyumbani kwako."

"Kufanya nini? Kunisaidia kufunga mizigo?"

"Kama itabidi."

Jibu hilo lilimpendeza. Akawakaribisha.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mizani.

Siwatu aliingia jikoni, akachukua kisu, akaketi kumenya ndizi pamoja na Bibi. Hakugusa habari za miguu. Bibi akamsimulia jirani anayepeleka habari Dar haraka kuliko redio. Kisha akajisifia mahindi yake ya mbegu, ambayo kijiji kizima huja kuomba. Ndizi zikaisha. Siwatu akanawa utomvu, akashukuru, akaaga, akafika mlangoni. Hapo akasimama kidogo, kama anayetafuta viatu vyake.

"Ningekupa mbegu ukapande kwenu," Bibi akasema nyuma yake. "Ziko pale juu kwenye kichanja, zinakaushwa na moshi. Ila siku hizi siangalii juu."

Siwatu akarudi, akaketi. Hakuuliza. Moto ulilia kwenye kuni mbichi.

"Nikiangalia juu nyumba inageuka," Bibi akasema hatimaye. "Hata kitandani, nikijigeuza. Kizunguzungu chenyewe kinapita upesi, lakini kikinikuta nimesimama kinaniangusha. Usimwambie mtu."

"Wenzangu lazima niwaambie, Bibi. Kuhusu mwanao, utamwambia mwenyewe ukiona inafaa."

Bibi alimtazama. Angeahidiwa siri asingeamini. "Haya. Waambie hao wenzako."

Siwatu alipoeleza, Aikande aliinamisha kichwa akasimulia habari ya vidole na godoro. Wakarudi chuoni na swali jipya, wakaligawana. Katika vitabu wakakuta kwamba ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo mfano wa chumvi, na zikihama mahali pake zikaingia katika mfereji usio wao, kila mgeuko wa kichwa humdanganya mtu kwamba dunia inazunguka. Zinaweza kurudishwa bila dawa wala kisu, kwa kukigeuza kichwa kwa mpango. Lakini kwanza lazima ijulikane ni sikio gani. Ukigeuza kwa upande usiohusika, umefanya bure.

Aikande ndiye aliyelijua sikio. Walirudi na mwalimu wao, wakamketisha Bibi kitandani kwake, wakamlaza haraka huku kichwa kimegeuzwa upande mmoja na kuning'inia kidogo. Wakajaribu kushoto, Bibi akapiga kelele. Wakajaribu kulia; akapiga kelele vile vile, maana hofu ilikuwa imetangulia. Siwatu akasikiliza kelele mbili zisizo na tofauti. Bwire akashika shingo mbili zilizokakamaa sawasawa. Aikande akatazama macho ya Bibi. Kushoto yalitulia. Kulia yalitulia kidogo, kisha mboni zikaanza kuchezacheza, zikijipinda kuelekea sikio, kisha zikapoa. Ilikuwa punje mbovu ndani ya ungo. Na safari hii hakungoja kuipima kauli.

"Ni kulia," akasema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Nina hakika."

Bwire ndiye aliyezirudisha chembe. Maana Bibi alikuwa amekataa kulazwa tena. "Mnataka kuniua kabla ya Jumamosi," alisema. Na kweli tiba ilimtaka arudi kwenye kile kizunguzungu anachokiogopa, akae humo, shingo ikiwa imelegea. Siwatu alijaribu, shingo ikawa mchi. Aikande alijaribu, ikawa mchi wa mpingo. Bwire akanawa mikono kwa maji ya moto ili isiwe baridi, akakaa nyuma yake, akakishika kichwa chake wala asifanye lolote. Yeye mwenye haraka alikaa vile mpaka Siwatu akaanza kumshangaa.

"Bibi, mimi nilikuwa kinyozi. Nikikunyoa vibaya usinilipe."

"Nywele zenyewe ziko wapi?"

"Ndiyo maana nasema sitakunyoa vibaya."

Bibi akacheka, na katika kicheko shingo ikalegea. Hapo hapo Bwire akamlaza. Dunia ikazunguka, lakini mikono ile haikuzunguka nayo, na Bibi akaishikilia kwa shingo yake kama wengine wanavyoshika nguzo. Bwire akangoja macho yatulie. Akakigeuza kichwa kushoto, akangoja. Akambiringisha Bibi ubavu wa kushoto, pua ikaelekea sakafuni, akangoja. Kisha akamwinua.

Bibi akaangalia ukuta. Ukuta ukamwangalia.

"Imetulia," akasema.

Na Mwalimu Mhando? Muda wote alisimama mlangoni, mikono nyuma. Ila Bibi alipokuwa amelala ubavu alimwona midomo ikimcheza bila sauti, na akajua kwamba mtu yule hakunyamaza kwa kutojali.

Jumamosi ikafika, na Anyosisye na gari lake. Vijana walikuja kuaga, au kusalimia; wenyewe hawakujua. Bibi alikuwa bado hajajaribu kuangalia juu kwenye kile kichanja.

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Ingia jikoni kwanza."

Aliiegemeza fimbo mlangoni. Akaenda mpaka chini ya kichanja, akamwambia mwanawe habari yote ya kizunguzungu, kwa kinywa chake, tangu masika. Uso wa Anyosisye ukabadilika. Kisha Bibi akainua kichwa.

Akaangalia juu. Masizi, boriti, majani ya mahindi yaliyokauka, mwanga mwembamba ukipita kwenye bati. Kila kitu kilikaa mahali pake. Akanyoosha mkono, akatoa muhindi, akaufuta masizi kwa khanga, akamkabidhi mwanawe.

"Chukua. Ukapande huko kwenu."

Anyosisye akaugeuzageuza mkononi. "Mama, ghorofa ya nne nitapanda wapi?"

"Na mimi ungenipanda wapi?"

Anyosisye alikaa kwenye kigoda alichokikalia utotoni, akafuta macho kwa mkono ule ule wenye muhindi, na jioni akaondoka na gari tupu.

Chuoni walikuwa na desturi ya kutofunga kesi mpaka mgonjwa arudi kwenye duara aseme kwa kinywa chake. Bibi Tupokigwe akarudi. Alitembea mikono mitupu; fimbo aliibeba kwapani kama mwavuli siku ya jua. Akaeleza sharti lake. Kisha akasema, "Nani alinisimamisha?"

"Mpe Bwire," akasema Siwatu. "Mimi nilimenya ndizi tu."

"Mikono yangu ilikuwepo tangu siku ya kwanza," akasema Bwire, "na kazi iliyoifanya ni kukuharakishia anguko. Bila mtu wa kuiambia sikio gani, mikono ni mikono. Mpe Aikande."

Aikande alitikisa kichwa kabla Bwire hajamaliza. "Mimi nisipewe. Niliona vidole siku ile ile, nikanyamaza. Lile shavu ni la mdomo wangu. Mpe Siwatu. Asingesikia, mimi ningetazama macho ya nani, na kwa nini?"

"Aliyeandika Miguu dhaifu ubaoni ni nani?" Siwatu akamuuliza. "Mwandiko ule ulikuwa wako?"

Bibi akawatazama. Akaona kwamba asingesikilizwa angekuwa amekufa na siri yake; na angesikilizwa tu, siri ingebaki siri ya watu wanne. Akaona kwamba bila yale macho wangemgeuza kwa sikio lisilohusika mpaka Jumamosi ipite. Akaona kwamba wangejua yote hayo, na bila ile mikono asingekubali kulazwa tena.

Kisha akamgeukia mwalimu.

"Na wewe. Siku ile waliposema miguu, ulijua kuwa ni sikio?"

"Sikujua, mama," akasema Mwalimu Mhando. "Nilijua tu kwamba wao pia hawajui, na kwamba wanadhani wanajua."

"Ungewaambia mmekosea, nisingeanguka."

"Huenda. Na huenda ningewapa jibu langu, nalo likawa la makosa, na wangeniamini, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Na ile safu tupu isingebaki." Akamtazama Bibi usoni. "Lakini shavu lako nimeliona, mama. Nimelala nalo."

Bibi akafikiri. Bila safu ile tupu, kile kiganja chenye chaki kingeandika wapi? Lakini bila kimya kile, shavu lisingevimba. Akachoka kufikiri peke yake.

"Basi amua wewe, mwalimu. Fimbo ni ya nani?"

"Mimi sijibu, mama. Mimi huuliza."

Vijana wakacheka, na Bibi akacheka nao, lakini alikuwa bado amesimama, na fimbo ilikuwa bado mkononi mwake. Mumewe hakumwachia ruhusa ya kuikata vipande, na nyumbani hawezi kurudi nayo: huko haihitajiki tena.

Amesimama hapo mpaka leo. Wapo watakaosema apewe Siwatu, maana mlango usipofunguliwa hakuna anayeingia. Wengine watasema Aikande, maana siku moja alikosea kwa kunyamaza, na siku nyingine akalipa kwa kusema. Au Bwire, aliyekuwa ndani ya kizunguzungu pamoja naye. Au yule aliyeacha ubao wazi, kama mtasamehe bei yake. Na kuna mmoja ataniuliza: mbona Bibi mwenyewe, aliyesema lile la mlangoni na akainua kichwa mbele ya mwanawe, hamkumhesabu?

Haya, shikeni fimbo. Wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako ukingoja kuwa na hakika: Bibi anawatazama nyinyi sasa. Mnaielekeza mkononi mwa nani?